Dirisha la Zabuloni: kumbukumbu ya mradi wangu

Februari

Sinagogi lenyewe ni dogo, la matofali mekundu, hapa Ohio, dakika kumi kwa gari kutoka ninapoishi. Lina madirisha kumi na mawili, sita kila upande, na kila moja limepewa kabila moja la Israeli. Kumi na moja yamesalimika. La kumi na mbili lilipasuliwa na tawi siku ya tufani, miaka mingi kabla sijahamia huku, na tangu hapo limezibwa kwa ubao. Kabila linalokosekana ni Zabuloni, na mimi ndiye niliyeombwa kulitengeneza upya dirisha lake.

Nilipoambiwa jina hilo nilinyamaza kidogo. Katika Mwanzo 49, Yakobo anapowaaga wanawe, Zabuloni ndiye anayeambiwa atakaa pwani, penye bandari ya merikebu. Mimi nimezaliwa Malindi, Unguja, hatua chache kutoka bandarini. Huu ni mwaka wa tano najifunza vioo vya rangi, jioni baada ya kazi, katika karakana ya fundi mmoja mzee. Nimetengeneza taa za meza, visanduku na paneli ndogo za milango. Nyumba ya ibada bado sijaigusa.

Mapenzi haya yalianzia kwetu. Anayeijua barabara ya Mizingani anaijua Zahanati ya Kale, jengo lililoanzishwa na Tharia Topan mwaka 1887. Lina vioo vya rangi, na utotoni nilikuwa nikiingia kwa ajili ya jambo moja tu: kutandaza kiganja kwenye mwanga na kukiona kimekuwa kijani, kisha chekundu.

Nilipompigia Mama kumweleza kazi niliyopewa, aliuliza swali moja tu: "Ukiingia unavaa nini kichwani?" Nikamwambia kwao pia mwanamume hufunika kichwa. "Basi vaa kofia yako, mwanangu, uingie kwa adabu." Ndivyo ninavyofanya. Kofia yangu ya vito imekuwa kofia ya kazi.

Machi

Mwezi mzima wa kusoma na kupima. Uwazi wa dirisha ni sentimita 142 kwa 61. Nitaugawa paneli mbili, moja juu ya nyingine, katikati upite mchuma wa kubeba uzito.

Nilidhani madirisha kwenye sinagogi ni suala la urembo na hewa. Kumbe ni suala la sala. Talmudi, mkusanyiko wa kale wa mafundisho ya Kiyahudi, inasema mtu asisali isipokuwa katika nyumba yenye madirisha, na ushahidi wake ni Danieli, aliyesali chumbani madirisha yakiwa wazi kuelekea Yerusalemu. Yosef Karo, aliyekusanya sheria za Kiyahudi katika karne ya 16, akaandika kwamba ni vema sinagogi liwe na madirisha kumi na mawili. Kwa hiyo ule ubao si kasoro ya ukuta pekee, na sasa naelewa kwa nini wazee wa jumuiya wanauzungumzia kwa sauti ya chini.

Kuhusu sura za watu, jibu si moja. Sinagogi la kale la Dura-Europos, nchini Syria, kuta zake zilichorwa watu wengi katika karne ya 3. Lakini Marc Chagall alipotengeneza madirisha kumi na mawili ya sinagogi la hospitali ya Hadassah, Yerusalemu, yaliyozinduliwa Februari 1962, hakuweka sura ya mtu. Makabila yote aliyasimulia kwa wanyama, samaki, maua na rangi. Hapa kwetu madirisha kumi na moja yaliyopo yamefuata njia hiyo, nami nitaifuata.

Bado naitazama picha ya Zabuloni ya Chagall kila usiku. Ni nyekundu, bahari ya magharibi jua likizama, na samaki wanaruka. Charles Marq, fundi wake wa Reims, alibuni namna ya kutia rangi hadi tatu kwenye kipande kimoja bila kuzitenga kwa fito za risasi, ile metali laini inayounganisha vipande vya kioo. Mimi sina utaalamu huo. Kwangu kila rangi ni kipande chake, na kila kipande kina mpaka wake mweusi. Mchoro wangu lazima uanzie hapo.

Aprili

Mchoro wa kwanza nimeutupa, na nataka kueleza sababu.

Nilichora jahazi. Mkono ulikwenda wenyewe: mlingoti ulioinama mbele, tanga la pembe tatu limejaa upepo wa kusi. Nililipenda sana. Nililibandika ukutani siku nne, na siku ya nne fundi wangu akaweka kidole kwenye ncha ya tanga akasema, "Hapa patavunjika." Ni kweli. Kioo hakipendi ncha nyembamba. Ukikikata kama mkuki, ncha inabeba mkazo wote, na joto na baridi ya Ohio vitaipasua ndani ya miaka michache.

Lakini hata bila ncha, tanga lile halikuwa la Zabuloni. Merikebu za kale za bahari ile zilikwenda kwa tanga la mraba lililoning'inia kwenye foromali, ile boriti inayolala juu ya mlingoti. Nilikuwa nimeweka bahari yangu juu ya bahari yao. Watu hawa wameniamini niwarudishie dirisha lao. Hawakuniomba dirisha la Malindi.

Nikachora upya: tanga la mraba, foromali imelala, omo imeinuka. Nilipomaliza nikaona kitu nilichokuwa nimekisahau. Mtepe, chombo chetu cha kale kilichoshonwa kwa kamba za nazi, nao ulikwenda kwa tanga la mraba, la mkeka. Sikuubadilisha mchoro uwe mtepe. Nilifurahi tu kwamba mababu zangu wasingelishangaa tanga lile.

Mei

Rangi. Midrashi ya kitabu cha Hesabu, yaani maelezo ya kale ya marabi juu ya kitabu hicho, inataja bendera ya kila kabila, na ya Zabuloni ilikuwa nyeupe yenye picha ya merikebu. Rabi wa sinagogi ndiye aliyenionyesha. Alikuwa hana shinikizo lolote, aliiweka mezani akaenda zake, lakini baada ya hapo sikuweza kuwaza rangi nyingine.

Nyeupe ni mtihani. Kioo angavu kabisa hakina rangi, kinaonyesha tu maegesho ya magari nje. Kioo kizito cha maziwa kinaziba mwanga na mchana kinaonekana kama plasta. Nikafunga safari hadi Kokomo, Indiana, kwenye kiwanda kinachotengeneza vioo vya namna hiyo tangu 1888. Nilishinda kutwa nzima naangalia bamba moja moja dhidi ya dirisha. Nimerudi na nyeupe tano: yenye ukungu wa buluu kwa mawimbi ya mbali, ya krimu kwa tanga, moja kama moshi wa ubani, moja kama ndani ya kauri, na moja yenye mishipa ya kijani kwa maji ya karibu na pwani. Nyekundu nimeweka kipande kimoja tu, bendera ndogo juu ya mlingoti.

Juni

Makosa yangu makubwa ya mradi huu yametokea wiki hii.

Chini ya kila dirisha kuna jina la kabila kwa Kiebrania. Zabuloni ana tahajia zaidi ya moja ndani ya Taurati yenyewe: katika Mwanzo 30 herufi ya *lamed* inatangulia *vav*, katika Mwanzo 49 *vav* inatangulia *lamed*. Rabi alichagua ile ya Mwanzo 49, kwa kuwa ndiyo baraka yenyewe, akaniandikia kwa mkono kwenye karatasi ya kufuatishia.

Kazi ya herufi inakwenda hivi: kioo kinapakwa rangi nyeusi yote, ikikauka unachokora herufi kwa kijiti hadi mwanga upite, kisha kinaingia tanuri kwa nyuzi kama 650 za Selsiasi. Rangi ikishaiva haitoki tena. Mimi nimesoma chuo cha Kurani tangu nina miaka mitano, kuanza kulia kwenda kushoto ni jambo la mwili wangu, na nadhani ndiyo maana sikuhakikisha. Karatasi ile ni angavu, na niliilaza kifudifudi. Nilichokora herufi tano kwa saa tatu, kwa uangalifu wote nilionao, zote kinyume.

Nililia kidogo karakanani, sina haja ya kuficha. Kisha nikakata kioo kingine. Mara ya pili niliandika "ndani" kwa chaki kwenye upande unaotazama watu, na nikampelekea Rabi picha kabla ya kuwasha tanuri.

Julai

Vipande 164 vimekatwa na kupangwa. Karatasi za violezo nilizikata kwa mkasi wa makali matatu, unaoondoa ukanda mwembamba kati ya kipande na kipande. Bila nafasi hiyo moyo wa ufito wa risasi haupati pa kukaa na dirisha zima linavimba. Misumari ya kwato imeshikilia kila kitu mezani. Lehemu pande zote mbili.

Kisha simenti ya vioo: chaki ya unga, mafuta ya kitani na masizi, inasuguliwa kwa brashi chini ya kila ukingo wa risasi, halafu unga mkavu unamwagwa juu kunyonya mafuta. Paneli iliyokuwa inalegea kama mkeka inakuwa ngumu kama ubao. Kwa wanaoanza: msile wala kunywa kwenye meza ya risasi, na mpime damu kila mwaka. Fundi wangu hana mzaha na hilo, nami sina.

Agosti

Tulipanga kufunga kati ya Jumatatu na Alhamisi, Ijumaa ibaki ya akiba, kwa sababu jua likizama Ijumaa Sabato yao inaanza na hakuna nyundo. Pia ilibidi tuiwahi Rosh Hashana, mwaka mpya wa Kiyahudi, maana sikukuu zao zikianza zinafuatana karibu mwezi mzima.

Ubao ulitoka Jumanne saa tatu asubuhi. Fremu ya mwaloni ilikuwa imeoza kona moja, tukapoteza siku kuunga mti mpya. Jumatano paneli ya chini iliingia, kisha mchuma, kisha ya juu. Nyaya za shaba nilizolehemu mgongoni mwa paneli zikafungwa kwenye mchuma. Nje tumeweka kioo cha kinga, chenye matundu juu na chini hewa ipite, jasho lisijikusanye katikati.

Dirisha liko upande wa kusini. Alhamisi adhuhuri mwanga ulishuka hadi kwenye benchi la tatu, na ile nyeupe ya kauri niliyoihofia ndiyo iliyong'aa kuliko zote. Bibi mmoja wa jumuiya aliyekuja kufuta vumbi alikaa pale, akaweka mkono kwenye mwanga, akaugeuza.

Puti ya kona ya chini kushoto bado ni mbichi. Nitarudi Jumatatu kuikwangua.