Siku Moja Maishani Mwangu: Kuhesabu Watu Kwenye Ua wa Kaburi, Luxor

Saa nitakazotaja hapa ni za kwetu, zile tunazohesabu tangu jua kuchomoza. Simu yangu inafuata saa za Cairo, lakini nikiwa kazini nahesabu Kiswahili, tena kwa raha, kwa sababu Wamisri wa kale nao waliugawa mchana saa 12 na usiku saa 12, na mchana wao ulianza jua likichomoza.

Saa 10:45 alfajiri

Adhana ya msikiti wa jirani ndiyo inayoniamsha. Tumepanga nyumba ng'ambo ya magharibi ya mto Nile, mkabala na mji wa Luxor. Ni Februari na baridi ya jangwani inapenya mpaka mifupani. Sweta mbili, kilemba, chai ya rangi yenye sukari nyingi. Msimu wetu wa kuchimba huanza Oktoba na kwisha Machi, kwa sababu baada ya hapo jua la huku halivumiliki kutwa. Tuko saba kwenye timu: wawili wa kuchimba, mpima ardhi, mtaalamu wa mifupa, mtaalamu wa vyungu, mhifadhi, na mimi ambaye kazi yangu ni maandishi. Mimi ni mtaalamu wa Misri ya kale, mzaliwa wa Tanga.

Saa 12:15 asubuhi

Kilima cha Sheikh Abd el-Qurna kina matundu kama mzinga wa nyuki. Kila tundu ni kaburi la afisa fulani wa zamani. Nyuma yetu maputo ya watalii yanapaa kimya kimya juu ya mashamba ya miwa, na jua linapoyagusa ndipo rais anafungua daftari lake.

Rais, naam. Huku msimamizi wa wachimbaji anaitwa rais, na mwaka wa kwanza nilikuwa nikitabasamu kila nikisikia vibarua wakimwita. Rais wetu ni mtu wa Quft, mji ulioko kaskazini ya Luxor. Mwakiolojia Mwingereza Flinders Petrie alichimba Quft msimu wa 1893 hadi 1894 na kuwafundisha wenyeji kazi hii. Tangu hapo ufundi umerithishwa baba kwa mwana, na watu wa Quft wamesimamia machimbo Misri nzima. Vitabu vya taaluma yetu vimejaa majina ya maprofesa, majina ya hawa ni ya kutafuta kwa tochi. Hilo linaniuma, na nalisema kila ninapopewa nafasi ya kusema.

Anaita majina. Leo wanatakiwa 24, wamefika 22. Mmoja macho yanamuuma, mwingine ana msiba wa shangazi yake. Rais anaandika sababu mbele ya kila jina. Mimi husimama karibu naye wakati huo kila siku, ingawa si kazi yangu, kwa sababu Jumba la Makumbusho la Uingereza lina kipande cha jiwe la chokaa cha mwaka wa 40 wa mfalme Ramesses II, kilichotoka kijiji cha mafundi cha Deir el-Medina, mwendo mfupi tu kutoka tunaposimama. Kina majina ya mafundi 40 na siku walizokosa kazi. Huyu kaumwa na nge. Huyu macho. Huyu anatengeneza pombe. Huyu anamfunga sanda mama yake. Zaidi ya miaka 3,200 imepita, na daftari la rais linasomeka vilevile.

Tunachimba ua wa kaburi la Nasaba ya 18 ya wafalme wa Misri ya kale. Kaburi lenyewe liliporwa tangu zama za kale, na juu yake watu walijenga na kuishi hadi serikali ilipoanza kuwahamisha wanakijiji wa Qurna mwaka 2006. Kwa hiyo tabaka la juu ni la juzi: majivu ya jiko, mavi ya mbuzi, betri za redio, kandambili ya mtoto. Hatutupi bila kuandika. Babu wa mmoja wa vibarua wetu alizaliwa nyumba ya pili kutoka hapa, na yeye mwenyewe ndiye aliyetuonyesha mahali palipokuwa na tanuri la mkate.

Chini ya hapo udongo unabadilika rangi, na mwendo unabadilika pia. Majembe yanawekwa kando, inashikwa miiko na brashi. Wawili wanakwangua, wengine wanabeba vifusi kwa vikapu vilivyoshonwa kwa mpira wa matairi, na mwisho wa mstari kuna chekecheke. Kila ndoo ina namba ya mraba na namba ya tabaka. Watu wakiniuliza kuhusu dhahabu huwajibu kwamba katika misimu minane sijagusa dhahabu hata punje, ila vigae vya vyungu nimehesabu maelfu kwa maelfu, na ndivyo vinavyotuambia tabaka hili ni la lini.

Saa 3:50 asubuhi

"Ya doktora! Kitaba!"

Hilo halihitaji mkalimani kwa mtu anayejua kitabu ni nini. Kijana wa kwenye chekecheke ameinua mkono, kiganjani ana gamba la jiwe la chokaa. Wengine wangelitupa, magamba kama hayo yako kilimani kote, ni mabaki ya waliochonga makaburi. Yeye kalielekeza juani kwa ubavu, akaona weusi usio wa uchafu.

Nalipokea kwa mikono miwili. Upana wake ni kama kiganja changu, pembe ya kushoto imemeguka. Mistari mitatu ya wino. Sipulizi, siloweshi, sisugui: wino wao ulikuwa masizi na utomvu, na tone la maji latosha kuondoa neno lililokaa miaka 3,400. Hii ndiyo ostraka, karatasi ya mtu asiyetaka kupoteza mafunjo kwa jambo dogo. Nalilaza kwenye sanduku lenye sifongo, naandika mraba, tabaka, tarehe. Mkaguzi wa Wizara ya Utalii na Mambo ya Kale, anayekaa nasi kutwa, anaandika kwenye daftari lake naye. Hakuna kitu kitakachotoka Misri. Sheria namba 117 ya mwaka 1983 ilianza kuufunga mlango huo, na kwa maoni yangu ilichelewa. Nenda Berlin, London, Paris, Turin, uone vilivyokwishatangulia.

Moyo unanienda mbio hadi mkono unatetemeka kidogo. Najilazimisha nisisome.

Saa 4 asubuhi

Kifungua kinywa chini ya turubai. Maharage ya ful, jibini nyeupe, nyanya, vitunguu maji, na ule mkate wa kusini unaoumuliwa juani kabla ya kuchomwa. Kijana wa chekecheke leo kapewa kipande kikubwa zaidi, na rais anamtania kwamba sasa ataomba mshahara wa mkaguzi.

Saa 5 hadi saa 7:30 mchana

Mtaalamu wa mifupa ananiita ndani. Kwenye shimo la kaburi, mita nne chini, kuna watu waliozikwa baadaye sana kuliko mwenye kaburi, na wezi waliwafikia. Bandeji zimekatwa shingoni na vifundoni mwa mikono, walikotafuta hirizi na vito. Mmoja ni mwanamke. Kidole gumba cha mguu bado kimefungwa vizuri, uzi juu ya uzi, kazi ya mtu aliyekuwa na subira siku hiyo.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, hakupenda kazi hii hata kidogo. Kwetu pwani neno mumiani linatisha watoto na watu wazima: wanyonya damu wanaovizia watu usiku. Ila kabla ya hofu hiyo mumiani ilikuwa dawa, kitu cheusi kama gundi kilichouzwa pwani, na jina lake linatoka kwenye mumiya ile ile iliyowapa Wazungu neno lao la maiti zilizokaushwa. Kwa karne kadhaa Ulaya ilisaga maiti za Misri na kuuza unga wake kama dawa. Kwa hiyo hofu ya Bibi ilikuwa na mizizi mirefu kuliko alivyojua. Aliniambia jambo moja tu: ukimkuta, mwite marehemu. Nami namwita marehemu, hata kwenye ripoti zangu za Kiswahili, na vijana wa timu wamezoea. Tunamfunika kitambaa kabla ya kwenda kula.

Saa saba na nusu rais anapiga makofi. Joto limepanda, upepo umeanza kurusha vumbi, kazi ya nje imekwisha.

Saa 9 alasiri

Nyumbani. Vigae vya vyungu vimeanikwa barazani, mtaalamu wake anavipanga midomo kwa midomo, vitako kwa vitako. Mimi napiga picha za ostraka: mwanga wa kawaida kwanza, kisha kamera ya infraredi, ambayo huutoa wino wa masizi hata pale jicho limeshindwa. Kisha nachora kwa mkono, alama moja baada ya nyingine. Kuchora ndiko kunakonifundisha. Mkono ukifuata njia ya mkono wa mwandishi unajua alichovya kalamu wapi na wapi wino ulimwishia.

Vijana wengi huniandikia kuuliza njia ya kufika huku, basi nieleze. Nilisoma akiolojia Dar es Salaam. Baadaye Ujerumani, kwa sababu kamusi kubwa ya Kimisri cha kale iliandikwa kwa Kijerumani na bila lugha hiyo unakuwa nusu kiziwi. Kifaransa pia, kwa sababu Mfaransa Champollion alipolifumbua fumbo la hiroglifi, yale maandishi ya picha ya Wamisri, mwaka 1822 alifungua na shule nzima ya wasomi kwao. Halafu Kimisri chenyewe, kile cha kati na cha baadaye, na hieratiki, mwandiko wa haraka ambao hiroglifi zimelainishwa hadi hazitambulikani. Kimisri hakiandiki irabu. Alama ya bundi ni *m*, lakini *ma*, *mi* au *mu*, huambiwi. Kikopti husaidia kidogo, kwa sababu ndicho mjukuu wa lugha hiyo na kinaandikwa kwa herufi zenye irabu. Na Kiarabu, ambacho nilijifunza hapa uani, nikisaidiwa na maneno kama sanduku, kalamu na sabuni yaliyokuwa mdomoni mwangu tangu utoto.

Kazi ya kudumu sina. Mkataba wangu unaisha Agosti. Jioni hii hii imeingia barua pepe ya mfuko mmoja wa utafiti: maombi yangu hayakukubaliwa, kwa maneno mawili matatu ya kupongeza. Niliyaandika miezi minne. Nimetoka nje nikazunguka mtende wa jirani mara kadhaa, kisha nikarudi mezani.

Saa 12 jioni

Mama kapiga simu. Shikamoo, marahaba mwanangu, umekula? Nimemwambia nimeokota barua. "Ya nani?" Sijui bado, mama. "Basi isome, usimweke mtu akisubiri."

Saa 1 usiku

Nasoma. Kulia kwenda kushoto. Mstari wa kwanza: msimu wa peret, mwezi wa tatu, siku ya 12. Mwaka wao ulikuwa na misimu mitatu ya miezi minne minne, na peret ndio wakati mashamba yalipochipua baada ya maji ya mafuriko kushuka. Mstari wa pili: *waliofika leo*, pamoja na maneno mengine mawili ambayo nayakisia. Wa tatu: watu wa kubeba mawe, kisha namba, na namba ndiyo iliyopitiwa na ule mmeguko. Ni 20 au 30. Nimefungua majedwali ya alama za hieratiki ya Georg Möller, ambayo tangu 1909 hayajapata mrithi kamili, nikalinganisha mkia wa alama mwandishi kwa mwandishi. Saa nzima imepita. Sehemu iliyobaki inakubali zote mbili.

Saa 3 usiku

Nimemtumia rais picha kwa simu, nikamweleza ilivyo: mtu kama wewe, kwenye ua kama huu, alihesabu wabebaji wake, nami siwezi kujua ni 20 au 30.

Jibu lake limekuja kwa sauti, nyuma yake watoto wanapiga kelele.

"Ishirini, ya doktora. Ua ule nimesimama ndani yake misimu minane. Ukiweka watu thelathini watagongana vikapu, na nusu yao watakuwa wamekaa."

Nimeandika 20 kwenye daftari, na alama ya kuuliza pembeni, na pembeni ya alama ya kuuliza jina la rais.