Betri ya pili ya lithiamu isikuunguzie alteneta

Betri ya pili ya lithiamu ya Ah 100 (ampea-saa 100) ukiiunganisha na ya gari kwa rilei (swichi ya umeme) tu, itavuta karibu ampea zote ambazo alteneta (jenereta ya injini) inaweza kutoa. Balaa hasa ni kwenye foleni: injini inazunguka taratibu, feni ya alteneta haipozi vya kutosha, diodi zake (zinazogeuza umeme wake kuwa DC) zinaungua. Weka chaja ya DC-DC (inayodhibiti ampea zinazovutwa) kati ya betri hizo mbili. Alteneta ikiwa ya ampea 80, chaja ya ampea 20 inatosha. 30 naona ni tamaa. Waya uwe wa milimita 16 za mraba (mwembamba hushusha volti), na fyuzi ya ampea 40 karibu na kila betri, si upande mmoja. Waya wa kuamsha chaja upate umeme ufunguo ukiwashwa tu, la sivyo itainyonya betri ya gari usiku kucha.