Siku moja na mdudu wa kwenye kinu, Tabora

Saa 1:30 asubuhi. Nafungua stoo ya makumbusho yetu madogo na kupiga magoti kukagua mitego ya gundi. Mende wawili, buibui, na mdudu mmoja mfupi mweusi nisiyemwelewa.

Saa 2:15. Namulika rafu kwa tochi, mwanga ukitokea ubavuni ili vumbi lijitokeze. Ngozi ziko salama. Chini ya kinu cha Kinyamwezi kuna unga, na moyo unanipasuka: ukingo wa kinu hiki umelainishwa na mikono ya akina mama wa miaka mingi.

Saa 3. Mlinzi wetu anachungulia.
"Shikamoo mzee."
"Marahaba mwanangu. Mchwa hao, piga dawa!"
Sipigi. Mchwa angeacha njia za udongo, si unga mkavu. Na dawa ya kupuliza haimfikii aliye ndani kabisa ya mti, ila itabaki pale watoto wa shule wanaposhika.

Saa 4 hadi saa 6. Namlaza yule mdudu kwenye karatasi nyeupe, chini ya lenzi. Mla mbao niliyemzoea ni bapa, na kichwa chake unakiona ukimtazama kutoka juu. Huyu ni mviringo kama kipande cha ncha ya penseli, milimita 4 hivi, kichwa kimejificha chini, na nyuma ni kama amekatwa kwa panga. Dumuzi! Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Afrika alitambuliwa kwanza hapa hapa Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakulima wakambatiza Scania. Tunamjua kwa mahindi na makopa (mihogo mikavu), lakini ukoo wake ni wa watoboa miti.

Basi ametoka kwenye mahindi ya nani?

Saa 7. Chumba cha pili, nyuma ya ukuta: magunia matatu.
"Nisamehe mwanangu, nyumbani paa linavuja," anasema mzee. Namwelewa kabisa. Tunayabeba wote wawili juani hadi kwa jirani, unga ukitumwagikia mabegani.

Saa 9. Kinu nakifunga plastiki tabaka mbili na kukiingiza kwenye friza, nyuzi 20 chini ya sifuri, wiki mbili. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, naanza kuhesabu upya. Kikitoka hakifunguliwi mpaka kipate joto la chumba, la sivyo umande utaulowesha mti.

Saa 10:30. Nafagia rafu, kisha natandika karatasi nyeusi chini ya vinu viwili vilivyobaki. Kesho asubuhi nitaanzia hapo.