Siku moja maishani mwangu: diwani wa mji mdogo, siku ya tisa bila maji

Saa 11:20 alfajiri

Simu imelia kabla sijawasha taa. "Mama Diwani, shikamoo. Leo ya tisa." Hakutaja maji, na hakuwa na haja ya kuyataja. Tangu pampu ya kisima iungue, kila anayenipigia ananihesabia siku. Ndoo ya lita 20 gatini, yaani kwenye bomba la umma la kulipia, ni shilingi 50. Wenye maguta wanaoleta maji kutoka mabwawani wanaliuza dumu moja kwa shilingi 500, na maji yenyewe yana tope.

Mimi ni diwani wa kata katika mji mdogo ulioko kwenye barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma. Ni mji wa mahindi na alizeti, wa malori yanayolala njiani, wa vumbi kuanzia Juni mpaka mvua zinyeshe. Niligombea kata nikashinda kwa kura za kata, ingawa bado nakutana na watu wanaoniuliza, "Wewe ni wa viti maalumu, eeh?" Nawajibu kwa upole kwamba hapana, sikuingia kwa nafasi zinazotengewa wanawake. Najua swali hilo linatoka wapi, na najua pia kuna binti amesimama pembeni anasikiliza jibu.

Saa 12:30 asubuhi

Barazani wapo wanne. Bibi mmoja ananisalimu Kigogo, "Mbukwa," kisha anauliza kwa nini jina lake halimo kwenye orodha ya TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini. Namweleza kwamba majina yale yanapitishwa kwenye mkutano wa hadhara wa wananchi, diwani hayaandiki nyumbani kwake, lakini nitamsindikiza kwa mwenyekiti wa kitongoji chake tujue ilikuwaje. Naandika kwenye daftari. Kijana anataka barua ya utambulisho, hiyo ni kazi ya mtendaji wa kata, namwelekeza. Mama wa watoto watatu anaomba nauli ya kwenda hospitali ya wilaya, nampa niliyonayo. Wa nne ni mzee jirani yangu, amekuja kuniambia tu kwamba nisikubali kuitwa mwongo kwa ajili ya pampu.

Saa 2 asubuhi

Niko kisimani. Pampu imelazwa juu ya gunia, ndefu kama mguu wa mtu mzima, bado ina utando mwekundu wa udongo. Fundi amefungua sehemu ya mota. Nyaya za shaba ambazo zilipaswa kung'aa zimekuwa nyeusi na zimeshikana, ukizigusa zinakatika kama majani makavu. Harufu yake ni ya plastiki iliyoungua, na baada ya siku tisa bado haijaisha.

"Umeme ulikuwa unapanda na kushuka usiku kucha," anasema, "na kifaa cha kulinda mota kilikufa zamani. Hii nimeshaisuka mara mbili, Mheshimiwa. Haisukwi tena."

Pampu mpya pamoja na kifaa cha kuilinda ni shilingi 3,800,000. Kwenye akaunti ya jumuiya ya watumia maji kuna 2,460,000. Hapo ndipo tulipokwama.

Tangu sheria ya maji ya 2019, maji ya vijijini na ya miji midogo kama huu wetu yako chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini. Barabara zetu ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017. Mameneja wao wanakuja kwenye baraza la madiwani, tunawauliza, wanajibu, lakini bajeti zao hatuzipitishi sisi. Mwananchi hilo halimhusu, wala sioni kwa nini limhusu. Yeye alimpigia kura mtu mmoja anayemfahamu nyumbani kwake, na mtu huyo ni mimi. Kwa hiyo maji yakikatika ni diwani, kalavati likibomoka ni diwani. Sijawahi kumjibu mtu "hilo si langu" nikaishia hapo. Nikisema si langu, lazima niongeze ni la nani, yuko wapi, na mimi na wewe tunakwenda lini.

Lakini hili la pampu lina sehemu ambayo ni yetu wenyewe, na ndiyo iliyoninyima usingizi.

Saa 3:30 asubuhi

Nimekaa na mhasibu wa jumuiya ya maji, vitabu viko mezani. Tuna magati sita. Kila gati hupeleka benki kama shilingi 150,000 kwa mwezi, likizidi au kupungua kidogo. Tumepitia stakabadhi moja moja, gati kwa gati. Manne yako sawa. Mawili hayana hata stakabadhi moja kwa miezi minne.

Nimefanya hesabu kwenye kona ya daftari: mawili, mara minne, mara 150,000. Ni 1,200,000. Pampu imepungukiwa 1,340,000. Kama fedha za magati yale mawili zingefika benki, siku ya pili tungekuwa tumeshaagiza, na pungufu dogo lililobaki tungechangishana jioni moja.

Nimeuliza wahudumu wa magati yale ni akina nani, ingawa nilikuwa nawajua. Mmoja ni kijana aliyehama mwezi uliopita. Wa pili ni mama wa gati la stendi. Ndiye aliyepika chakula cha kundi langu la kampeni, siku ishirini na zaidi, kwa sufuria zake, bila kunidai hata kuni.

Saa 5 asubuhi

Nimeona nisimwache asikie mkutanoni. Nimemkuta amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, mbele ya bomba kavu, anachambua mchicha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kwa ajili ya kile kitabu."

Hakunificha. Mume wake amelala tangu mwaka jana, mguu, sukari. Alianza kukopa elfu kumi kumi akiwa na nia ya kurudisha mwisho wa mwezi. Mwezi ukapita, ukaja mwingine. Alikuwa amezikunja karatasi za hospitali kwenye kitambaa, akazitoa moja moja akanipa nisome, kana kwamba mimi ndiye hakimu. Nilizisoma zote.

Kisha nikamwambia, "Mama, saa kumi nitaisoma hesabu mbele ya watu. Nitataja magati yote sita."

Akanyamaza. Akauliza, "Na jina?"

"Jina wanalijua, mama."

Nimetoka pale miguu mizito. Kuna njia nyepesi, na madiwani tunaijua: unasema "kuna upungufu kidogo, tunaufuatilia", watu wanaguna, wanatawanyika. Lakini yule anayenunua dumu kwa shilingi mia tano ana haki ya kujua shilingi hamsini zake zilikwenda wapi. Zile fedha ni zake.

Saa 6 mchana

Nimepita ofisi ya kata. Ndugu wawili wanagombea mpaka wa shamba, mmoja amekuja na shina la mnyaa lililong'olewa amelishika kama kithibitisho, utomvu mweupe unamchuruzika mkononi. Nimemkataza asijipanguse machoni, utomvu ule unapofusha. Wote wawili wanataka niamue. Siamui. Kuna baraza la kata, na tangu marekebisho ya sheria ya 2021 kazi yake kwenye ardhi ni kusuluhisha tu, ndani ya siku 30. Wakishindwa kupatana ndipo waende baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Diwani akianza kukata mashamba kwa mdomo, anayeshindwa leo ni adui wa ukoo mzima kesho, na hukumu yenyewe haina nguvu popote. Nimewakabidhi kwa katibu, nimewasubiri mpaka wakakaa benchi moja.

Saa 8 mchana

Shule ya msingi. Chakula changu kimekuwa muhogo wa kuchemsha ofisini kwa mwalimu mkuu. Wasichana 312, matundu ya choo sita. Mwongozo unataka tundu moja kwa wasichana 20, na kwa wavulana moja kwa 25, maana yake wasichana peke yao wanahitaji 16. Wazazi wamechimba shimo na kupandisha boma mpaka usawa wa lenta kwa nguvu zao. Nimepima na fundi, nimehesabu mabati yanayotakiwa, nimeandika. Hoja hii inaingia kamati ya maendeleo ya kata wiki ijayo, kisha halmashauri. Mwalimu ameniambia kuna mabinti wa darasa la sita na la saba ambao siku zao zikifika hawaji shule. Hilo nalo nimeliandika, kwa maneno yake.

Saa 10 jioni

Mkutano wa watumia maji, chini ya mwembe. Mwenyekiti wa kitongoji amefungua, mhasibu akanipa karatasi, nikasoma. Gati la kwanza, mwezi kwa mwezi. La pili. Nilipofika la stendi sauti ilitaka kunikwama, nikaendelea. Machi, hakuna. Aprili, hakuna. Mei, hakuna. Juni, hakuna.

Kelele zilipanda. Mmoja akasema, "Huyo si mpishi wako, Mheshimiwa?" Nikajibu, "Ndiye. Na ndiyo maana nasoma mimi mwenyewe."

Yule mama akasimama bila kuitwa. Alivua kitenge cha begani akakishika mikononi. Alisema kiasi alichochukua, hakupunguza hata shilingi, akasema kilikwenda wapi, akasema ataweka mbuzi wake wanne. Vijana wa nyuma walitaka apelekwe polisi. Mzee mmoja ambaye hapendi kuongea mikutanoni akainua fimbo. Alikumbusha kwamba halmashauri zilivunjwa 1972, na kwa zaidi ya miaka kumi vijijini hapakuwa na hata mtu wa kumsomea mwananchi hesabu ya fedha yake. "Leo tumesomewa," akasema, "basi tukae tuamue."

Tumeamua hivi. Mama ameondolewa gatini. Deni lake la 600,000 limeandikwa, mbuzi watauzwa mnadani Jumamosi, kilichobaki atalipa kidogo kidogo mbele ya kamati. Yule kijana aliyehama anafuatwa kupitia mwenyekiti wa huko alikohamia. Kuanzia sasa hesabu za magati zinabandikwa ukutani ofisi ya kata kila tarehe 5, na ninayesimamia hilo ni mimi. Ili pampu ije sasa hivi, kila kaya inatoa 3,000. Kuna kaya zimesamehewa, zimetajwa kwa majina, na ya yule mama ni mojawapo. Hilo sikulipendekeza mimi. Limetoka kwa mwanamke wa kitongoji cha juu, mwenye dumu lililotobolewa na kuzibwa kwa sabuni, ambaye dakika kumi kabla alikuwa akipiga kelele kuliko wote.

Vikundi viwili vya akina mama vimenivuta pembeni kuuliza mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa Aprili 2023, ikarudi mwaka uliofuata, na haina riba. Nimewaambia waje na katiba ya kikundi.

Saa 1 usiku

Msibani, kitongoji cha reli. Nimekaa jamvini na wafiwa. Hakuna aliyeniuliza pampu, na nimewashukuru moyoni.

Saa 3 usiku

Mhasibu amepiga: zimeingia 1,020,000, na duka la Dodoma limekubali kutoa pampu usiku huu, kilichobaki kimalizwe Ijumaa. Inapakiwa kwenye basi la kwanza. Fundi anayekuja nayo hakijui kisima chetu, na stendi alfajiri kuna giza. Nimeweka simu iniamshe saa 10 alfajiri. Nimetoa madumu mawili stoo, nimeyasuuza kwa kikombe kimoja cha maji, nimeyapanga mlangoni.