Kuongeza programu ya pili kwenye seva yenye duka la WooCommerce

Duka lako la WooCommerce, plagini ya WordPress ya kuuzia mtandaoni, linauza, na sasa watu wa ghala wanataka ukurasa wao wa kuona oda na kuhesabu mzigo. Programu hiyo, iwe ya Node au Python, inaweza kukaa seva moja na duka kwa sharti moja: ikianguka, ianguke peke yake. Mteja aliye katikati ya kulipa asihisi chochote.

Anza na RAM. Chukua seva ya GB 4: MySQL, hifadhidata ya duka, umeitengea buffer pool (RAM ya kushikilia data) ya GB 1, na PHP-FPM, inayoendesha WordPress, ina `pm.max_children` 20, yaani michakato isiyozidi 20 kwa pamoja. Kila mchakato wa PHP ukila MB 80 pamoja na plagini zake, hiyo ni GB 1.6. Toa na za mfumo wenyewe, kinachobaki hakifiki GB 1.4. Programu mpya ikivimba hadi nafasi ikaisha, Linux huua mchakato mmoja ili seva ipumue, na kwa kawaida huchagua ule unaokula RAM nyingi kuliko yote, ambao mara nyingi ni MySQL. Aliyekosea ni ghala, anayezimika ni duka. WordPress itakwambia tu kwamba imeshindwa kufikia hifadhidata. Chanzo utakiona kwa `journalctl -k`, tafuta mistari yenye `oom`.

Kinga yake iko kwenye systemd, inayowasha na kusimamia huduma za Linux. Fungua mtumiaji `ghala` asiye na ruhusa kwenye folda za duka, halafu kwenye faili la `/etc/systemd/system/ghala.service`, sehemu ya `[Service]`, weka `User=ghala`, `Restart=on-failure` na `MemoryMax=512M`. Ikivuka kiwango hicho, inauawa yenyewe na kuwashwa upya. Programu isikilize `127.0.0.1:3001` (ndani ya seva tu), kamwe si `0.0.0.0` (anwani zote za seva), la sivyo poti ikiwa wazi watu wa nje wataifikia bila kupitia Nginx, seva ya wavuti inayopokea maombi ya nje, wala HTTPS.

Kuhusu anwani, ipe kikoa kidogo chake, kama `ghala.example.com`. Wengi hupenda `/ghala/` chini ya duka, na hapo ndipo usumbufu unapoanzia. Kwenye mstari wa Nginx unaopeleka maombi kwa programu, `proxy_pass http://127.0.0.1:3001/;`, ule mkwaju (`/`) wa mwisho ndio unaoondoa `/ghala/` kwenye njia; ukiusahau, programu inaletewa njia isiyoijua na kujibu 404. Hata ukiuweka, viungo vya CSS vinavyoanza na `/static` vitaangukia WordPress.

Ndani ya server block, sehemu ya usanidi wa Nginx ya kikoa hicho, usisahau kuweka `proxy_set_header Host $host` na `X-Forwarded-Proto $scheme`. Bila hiyo ya pili, programu inayolazimisha HTTPS itadhani mgeni amekuja kwa HTTP na kumzungusha bila mwisho. Pandisha pia `client_max_body_size`: chaguo-msingi ni MB 1, na picha ya mzigo kutoka kwenye simu huvuka hapo, ukapata kosa la 413. Kisha `nginx -t`, halafu `systemctl reload nginx`. Usitumie restart: usanidi ukiwa na kosa, reload huliacha duka likiendelea na usanidi wa zamani, restart hulizima. Rekodi ya DNS ikishaelekea kwenye seva, ndipo uendeshe `certbot --nginx -d ghala.example.com` ili kupata cheti cha HTTPS.

Sasa oda zenyewe. Tafadhali usizisome moja kwa moja kwenye majedwali. Tangu WooCommerce 8.2 ya Oktoba 2023, maduka mapya huhifadhi oda kwenye `wp_wc_orders`, si `wp_posts`, hivyo maelekezo ya zamani yatakupa orodha tupu. Tumia REST API, njia ya WooCommerce ya kuzipa programu nyingine data, kwa ufunguo wa kusoma tu. Ukiona oda 10 pekee, hazijapotea: ndicho kiasi cha ukurasa mmoja, na `per_page`, idadi ya oda kwa kila ukurasa, hufika 100.

Kwa taarifa za papo hapo kuna webhook, ombi ambalo WooCommerce yenyewe huituma programu yako oda inapoingia au kubadilika. Ili ujue limetoka kwenye duka kweli, kokotoa HMAC-SHA256 (saini inayotumia siri ya webhook) ya mwili wa ombi kama ulivyofika, uiweke katika base64, ndipo uilinganishe na `X-WC-Webhook-Signature`. Ukiifungua JSON na kuifunga tena kabla ya kukokotoa, nafasi tu zikibadilika saini haitalingana. Jibu 200 mara moja, kazi nzito ifuate baadaye, kwa sababu utumaji ukishindwa zaidi ya mara 5 mfululizo WooCommerce huizima webhook, na haiwaki mpaka uiwashe kwa mkono.

Mwisho wa kazi, endesha `systemctl stop ghala`, weka bidhaa kwenye kikapu na ulipe hadi mwisho. Oda ikipita, washa ghala na uvute zilizoingia wakati imezimwa kwa `modified_after`, kigezo cha REST API cha oda zilizobadilika baada ya muda utakaoutaja.