Kipupwe cha Njombe: asubuhi naanza na pasi

Kuanzia mwishoni mwa Mei mpaka Agosti, mteja akipita kibandani kwangu asubuhi hanikuti kwenye cherehani. Ananikuta napiga pasi. Nimepanga hivyo kwa makusudi, na kwa kuwa mafundi wenzangu wananiuliza sana, hasa mabinti waliohamia huku kutoka mikoa ya joto, nimeona niandike yote hapa wasome kwa nafasi.

Mimi ni mtu wa Pangani. Kwetu watu wanatafuta upepo, na sweta ni nguo ya mtoto mchanga. Nimeolewa Njombe, nashona hapahapa mjini, na baridi ya huku nimeijua kwa ngozi yangu. Mji uko juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 1,000 joto linapungua nyuzi kama sita. Halafu Juni jua limeshakwenda zake kaskazini, na kusi inasukuma unyevu wa baharini mpaka kwenye milima hii. Unyevu ukipanda unapoa, tunapata ukungu na manyunyu. Kuna siku inafika saa nne asubuhi na ng'ambo ya barabara huioni. Wenzetu wa Makete, kule juu Kitulo, wana asubuhi ambazo umande unaganda na majani yote yanakuwa meupe.

Baridi yenyewe mtu anaivalia. Kinachotusumbua zaidi, na hatukisemi, ni moyo kugoma. Umeamka, kazi ipo, oda za sare zimejaa, vitambaa vimeshakatwa, na huna hamu hata ya kutunga uzi kwenye sindano. Unakaa na blanketi mabegani unaangalia simu mpaka mchana unakwisha. Anayepita anakuita mvivu, na wewe taratibu unaanza kuamini. Mimi sikubali kwamba ni uvivu, na mabinti wanaojifunza kwangu siruhusu waitwe hivyo.

Angalia tu vidole. Baridi ikizidi, mishipa midogo ya damu ya mikononi na miguuni inabana ili joto libaki kifuani na tumboni, kwenye viungo ambavyo mwili hauwezi kuvikosa. Vidole vinakuwa vizito na havihisi vizuri. Kwa mshonaji hilo ni balaa. Gurudumu la cherehani ni chuma kilicholala kwenye baridi usiku kucha, ukilishika linanyonya joto lote la kiganja. Mafuta ya mashine yamekuwa mazito, kanyagio linakwenda kwa kujivuta, uzi unakatika, na kidole hakijui sindano iko wapi. Mshono wa kwanza unakwenda upande, unafumua; wa pili hivyohivyo. Hapo hamu itatoka wapi? Ninavyoona mimi, hamu ya kazi mara nyingi inakuja baada ya kazi kuanza kwenda vizuri, haiji kabla. Kwa hiyo kila asubuhi najiuliza ni kazi gani itakwenda vizuri kwa mikono iliyopoa, na kwa fundi nguo kazi hiyo ni kupiga pasi.

Pasi yangu ni ya mkaa, ile ya chuma yenye jogoo mbele. Umeme ninao, lakini ya mkaa ndiyo naipenda kwa miezi hii. Mkaa nauwasha nje, napepea, na kupepea kwenyewe kunaamsha mabega. Ukikolea nautia ndani ya pasi, nafunga jogoo, naijaribu kwanza kwenye kitambaa kibovu. Nguo zote nilizomaliza kushona jana sikuzinyoosha jana. Nimeziacha kwa ajili ya saa hii. Narashia maji, napitisha, mvuke unapanda mpaka usoni. Mkono wa kulia umeshika mpini wa mbao wenye uvuguvugu, wa kushoto unatandaza kitambaa ambacho bado kina joto. Sketi za shule zenye marinda ndizo bora kuliko zote, kwa sababu kila rinda linataka kubanwa na vidole kabla ya pasi kupita juu yake. Zikifika sketi tatu nne, vidole vimerudi vyote. Na nguo ikishanyooshwa, hiyo ni kazi iliyokwisha. Saa mbili asubuhi tayari nina nguo zinaning'inia mlangoni, mteja anaziona kutoka barabarani na mimi naziona. Moyo uliokuwa umegoma unaanza kulegea.

Hapo ndipo nakaa kwenye cherehani. Natia tone la mafuta, nazungusha gurudumu kwa mkono bila uzi mpaka lilainike, kisha naanza na mishono mirefu iliyonyooka: mashuka, mapazia, mapindo ya magauni. Kola na zipu zinasubiri jua. Kukata kitambaa cha mtu cha bei kubwa nafanya mchana, maana mkasi na vidole vyenye ganzi haviaminiki.

Jambo la pili nililobadilisha ni mahali pa kukaa. Cherehani ilikuwa kwenye kona ya nyuma, penye joto kidogo lakini pana giza. Nimeileta mlangoni, upande wa mashariki. Wazo hili nimelipata kwa rafiki yangu tuliyesoma naye Tanga, sasa anaishi Oslo, Norway. Kule Desemba jua linachomoza saa tatu na kitu asubuhi, na saa tisa na kitu alasiri limeshazama. Watu wanaingiwa na huzuni ya msimu, hali ambayo daktari Norman Rosenthal na wenzake wa Marekani waliieleza kitaalamu mwaka 1984, na njia mojawapo ya kuitibu ni kukaa asubuhi mbele ya taa kali maalumu, yenye mwanga wa lux 10,000 (lux ni kipimo cha ukali wa mwanga), kwa muda wa kama nusu saa. Rafiki yangu anayo taa hiyo mezani, anakunywa chai mbele yake. Sisi hatuna usiku wa Oslo. Hata mwezi Juni tunapata mwanga wa zaidi ya saa 11. Lakini asubuhi za Juni hapa Njombe jua linachelewa mpaka karibu saa moja, ukungu unalifunika, na sisi kwa kuogopa baridi tunafunga mlango na kuziba dirisha kwa gunia. Tunashinda gizani mchana kweupe. Mbingu hata ikiwa na mawingu ina mwanga mwingi kuliko balbu ya chumbani, na mwanga huo wa asubuhi ndio unaouambia mwili kwamba kumekucha. Basi bora mlango uwe wazi na mzula uwe kichwani.

Mavazi sitayasema sana. Nguo nyepesi tatu zilizopandana zinashinda sweta moja zito, kwa sababu hewa iliyonaswa katikati ndiyo inayotunza joto. Soksi ziwe kavu. Zikilowa na umande njiani, beba nyingine za kubadilisha. Glavu za sufu za mtumba nazikata ncha za vidole, nazipinda nazishona, nashonea kazi nikiwa nimezivaa. Ukipasha moto kifua, kichwa na miguu, vidole vinapona vyenyewe. Asubuhi kunywa uji wa ulezi wa moto, na chai ya tangawizi isikauke kwenye chupa. Pombe haisaidii hata kama koo linasema linasaidia: inafungua mishipa ya ngozini, unahisi joto, kumbe joto la ndani ndilo linalotoka.

Kuhusu jiko la mkaa nitasema kwa ukali, na dada zangu mnisamehe. Usilale na jiko la mkaa ndani. Usilifungie chumbani hata kwa saa moja, hata kama makaa yamekuwa mekundu na hayatoi moshi. Mkaa unatoa hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, inashika nafasi ya oksijeni kwenye damu, na mtu anakwenda nayo akiwa usingizini. Huku nyanda za juu tunazika watu kwa sababu hii, familia nzima wakati mwingine. Hata isipoua, inaleta kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Kwa hiyo binti akiniambia kila asubuhi anaamka amechoka na kichwa kinamgonga, kabla sijamuuliza habari ya moyo namuuliza jiko linalala wapi. Na pasi yangu ya mkaa naitumia palepale mlangoni, upepo unapita.

Upweke nao una sehemu yake. Jirani yangu ni mama wa Kibena anauza viazi, kanizidi umri mbali, na tumekubaliana kitu kimoja: ikifika saa mbili na mlango wa mmoja wetu haujafunguliwa, mwingine anakwenda kugonga. "Kamwene, mwanangu, umzima?" Nikisikia sauti hiyo siwezi kuendelea kujifunika. Nami nimeshamgongea asubuhi ambazo magoti yalimshika, nikampelekea chai kitandani.

Lakini kuna mzigo ambao pasi, mwanga na jirani haviwezi kuutua. Ikipita wiki mbili moyo uko chini kila siku, hata vile ulivyokuwa unavipenda havikuvuti, hulali au unalala kupita kiasi, chakula hakipiti, au mawazo ya kujidhuru yanakujia, nenda hospitali ukamwambie daktari hivyohivyo, kwa maneno hayohayo. Usisubiri kipupwe kiishe. Huo ni ugonjwa na una matibabu, na mwenye nao hana cha kuonea haya.

Kwa upande wangu, kinachonishinda mpaka leo ni jioni. Saa kumi ukungu unarudi, na hakuna mpangilio wa kazi uliowahi kunirudishia nguvu saa hizo. Nimeacha kupambana nayo. Miezi hii nafunga saa kumi na moja, nakwenda kupika makande na kukaa na watoto. Wateja waliozoea kunikuta mpaka usiku nawaomba wanivumilie mpaka Septemba, na wenye sare za kufungulia shule Julai walete vitambaa mapema, siyo wiki ya mwisho.