Kle ya wifi iliyokuwa ikikatikakatika: namna nilivyoituliza kwenye Linux

Hapa Lubumbashi ukilalamika kwamba kle yako ya wifi, kile kidude cha kuchomeka kwenye USB, inakatikakatika kwenye Linux, mtu wa kwanza atakuambia, "Weka Windows, yaya, acha kujitesa." Wa pili atakuambia ushushe draiva, yaani programu ya kuendesha kifaa, kwenye intaneti. Wa tatu anataka akuuzie kle nyingine. Niliwasikiliza wote, na mpaka leo naudhika, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyeuliza mashine yenyewe inasema nini.

Mimi nachapa kazi za watu karibu na soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi: TFC (kazi za mwisho za wanafunzi wa chuo), barua za maombi, fotokopi. Kompyuta yangu ni ya mezani, ina Linux Mint, haina wifi ndani. Kle ni ndogo kama ukucha wa kidole gumba, niliinunua mjini kwa dola chache, na sanduku lake linajisifu 300 Mbps. Lakini lsusb, amri ya kuorodhesha vifaa vya USB, inaonyesha 0bda:8176, yaani chipu ya Realtek RTL8188CUS, ambayo mwisho wake ni 150. Hilo halikunisumbua, TFC ni faili ndogo. Shida ilikuwa kukatika, tena wakati wa depo, yaani kukabidhi kazi chuoni, wanafunzi wamejaa mlangoni na kazi zao ziko kwenye barua pepe.

Ile draiva ya kushusha niliijaribu. Bando likaliwa, nikaikompaili (kuijenga kutoka kwenye msimbo wake), ikaenda vizuri mpaka Mint iliposasisha kerneli, yaani kiini cha Linux. Asubuhi yake wifi haipo kabisa! Draiva iliyokompailiwa nje hivyo inakubaliana na kerneli ile ile tu, isipokuwa umeisajili kwenye DKMS ijikompaili upya kila mara. Na chipu hii haikuihitaji, kwani draiva yake, rtl8192cu, imo ndani ya kerneli kwa miaka mingi. Nikaing'oa.

Ndipo nikafungua terminali, nikaandika sudo dmesg -w, amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli papo hapo, nikaiacha wazi pembeni ya skrini huku naendelea na kazi za watu. Kila mtandao ulipopotea, mstari ulitokea: "USB disconnect", na mara hiyo hiyo mwingine, "new high-speed USB device". Yaani kompyuta inaona kana kwamba mtu amechomoa kle na kuirudisha, na hakuna aliyeigusa. Ukiona hivyo usianze na draiva, angalia kwanza umeme na tundu. Kle yangu ilikuwa kwenye habu (kigawanyio cha matundu ya USB) isiyo na umeme wake, pamoja na kibodi, mausi na fleshi za wateja. Kwa kanuni za USB 2.0, tundu la kompyuta linatoa hadi miliampea 500, lakini tundu la habu ya aina hiyo ni 100 tu, na kle ikianza kutuma inataka zaidi. Nikaihamishia nyuma ya kompyuta, moja kwa moja kwenye bodi. Ile mistari haikuonekana tena.

Ilibaki tabia ya kusinzia: ukikaa kimya kidogo, ukurasa wa kwanza unachelewa mno. Hiyo ni kubana umeme kwa NetworkManager, programu inayosimamia mtandao. Kwenye /etc/NetworkManager/conf.d kuna faili ya default-wifi-powersave-on.conf. Palipoandikwa wifi.powersave = 3 weka 2, kisha uwashe upya.

Nikadhani nimemaliza. Siku moja mwanafunzi analeta diski yake ya nje, naanza kunakili kazi yake, na mwenzake aliyekaa kwenye benchi analia, "Papa, rezo imeenda tena!" Nikatazama dmesg: kimya. Diski ilipomaliza, mtandao ukarudi wenyewe. Hapo nikaacha kila kitu. Dirisha moja nikaweka ping, amri ya kupima jibu linachukua muda gani, kwenda kwenye ruta, dirisha la pili nikanakili faili kubwa. Diski ikitulia, ping inajibu ndani ya milisekunde chache. Nikianza kunakili, inapanda mamia, kisha hakuna jibu. Nikisimamisha, inarudi. Nikarudia mbele ya wale vijana, nao wakasogeza viti kuangalia.

Diski ile ni ya USB 3.0, na nilikuwa nimeichomeka kwenye tundu la buluu, jirani kabisa na kle. Intel waliandika jambo hili tangu 2012: USB 3.0 ikifanya kazi inamwaga kelele za redio kwenye masafa ya 2.4 GHz, na chipu yangu haina masafa mengine ya kukimbilia. Draiva zote duniani zisingeponyesha hilo. Dawa ilikuwa ralonji, waya wa kurefushia, ya USB 2.0 ya kama mita moja, bei ya soda mbili tatu. Nikaipitisha nyuma ya meza, nikaifunga kle kwenye chuma cha dirisha, mbali na diski. Sasa mmoja ananakili, mwingine anashusha kazi yake, na ping haitikisiki. Nimefurahi sana.

Ukilazimika kununua nyingine, tafuta chipu ya AR9271 au RT5370, draiva zake zimo ndani ya kerneli. Jina la sanduku halikusaidii, hata muuzaji mara nyingi hajui ndani kuna nini. Beba laptopu yako mpaka dukani, chomeka, andika lsusb, ndipo ulipe.